Nimwandikeje baba aliyepigana Vita vya Kagera, kisha akaishi kwa duka lake?

Binti wa Korogwe aliuliza:

Asalaam alaykum, ndugu zangu. Baba yetu alifariki dunia mwezi uliopita, na familia imenikabidhi mimi, mtoto wake wa kwanza, kazi ya kuandika wasifu utakaosomwa siku ya arobaini na baadaye kuchapishwa katika kijitabu cha wajukuu. Siku ya maziko yalisemwa maneno machache tu kwa sababu tulizika siku ileile, hivyo ndugu na majirani wanatarajia safari hii kuyasikia maisha yake kwa kirefu.

Baba alikuwa mgambo. Mwishoni mwa mwaka 1978 alichukuliwa pamoja na vijana wenzake kupelekwa Kagera, na vita ilipokwisha hakubaki jeshini. Alianza kwa kutengeneza baiskeli karibu na stesheni, kisha katikati ya miaka ya themanini akafungua duka la rejareja, ambalo ndilo lililotusomesha sote. Kuhusu vita alisema machache mno: kwamba walitembea kwa miguu hadi viatu vikawaishia, kwamba mvua iliwanyeshea mfululizo, na kwamba rafiki yake mmoja waliyetoka naye kijijini hakurudi. Baba zangu wadogo wanataka niandike kwamba alipigana Lukaya, kule Uganda, na kwamba alikuwa miongoni mwa walioingia Kampala siku ya kwanza, lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumsikia baba mwenyewe akiyasema hayo. Hata mwaka aliorudi una ubishi: wengi wanasema ni 1979, ila shangazi anashikilia kuwa ni 1981.

Jambo la pili ndilo linaloniumiza. Ndugu zangu wanataka duka litajwe kwa sentensi moja, wakisema kuwa mtu aliyeipigania nchi hawezi kusimuliwa kwa habari za kupima sukari na mafuta ya taa. Mimi nimekulia nyuma ya kaunta ile na siwezi kumtenganisha baba na mizani yake. Ameacha pia daftari la madeni lenye majina ya watu wengi wa mtaani, na baadhi yao watakuwapo siku hiyo. Naomba ushauri wenu: vita na duka vipewe uzito gani, na daftari hilo litajwe au linyamaziwe?

Mpiganaji Mstaafu alijibu:

Mwanangu, pokea pole zangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu. Nilikuwa askari wa kawaida katika vita hiyo, na ninakuomba usimwandikie baba yako mapambano ambayo yeye mwenyewe hakuyasema. Majeshi ya Idi Amin yaliingia kwetu mwishoni mwa Oktoba 1978, yakafika mpaka mto Kagera na kulibomoa daraja la Kyaka. Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa tarehe 2 Novemba, na baada ya hapo jeshi liliongezwa kutoka askari wapatao 40,000 hadi zaidi ya 100,000 kwa kuwachukua mgambo, polisi, askari wa magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Umati mkubwa namna hiyo haukupita njia moja. Wapo waliopita Masaka kuelekea Kampala, na hao ndio waliokutana na vita kali ya Lukaya mwezi Machi 1979. Wengine walishika njia ya magharibi kupitia Mbarara, wakaendelea kaskazini mbali kabisa na Lukaya, na wengine wakawekwa kulinda njia za mizigo na miji iliyokwisha kutekwa. Hakuna kati yao aliyefanya kazi ndogo.

Kuhusu mwaka wa kurudi, usimpuuze shangazi yako. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na mapema mwezi Juni majeshi yetu yalikuwa yamefika mpaka wa Sudan, lakini sehemu ya jeshi ilibaki Uganda kulinda usalama hadi mwaka 1981. Mgambo wengi waliruhusiwa mapema, ila si wote. Tafuteni karatasi zake za jeshi au barua za wakati huo, na msipozipata, andika tu kwamba alirudi baada ya vita.

Kimya chake nakifahamu. Wengi wetu tuliporudi tulikuta watu wanataka kusikia habari za ushindi, nasi tulichokuwa nacho kifuani ni sura za wenzetu. Yale mambo matatu aliyoyasema, yaani viatu, mvua na rafiki, yaandike kama alivyoyasema, bila kuyaongezea chumvi. Yanatosha kumtambulisha kwa sisi tuliokuwa huko.

Mkazi wa Muleba alijibu:

Dada, pole sana kwa msiba. Naongeza jambo moja tu kutoka upande wetu huku Kagera. Wazee wetu walikimbia wakiacha migomba na ng'ombe, na waliporudi walikuta mifugo imechukuliwa, nyumba zimevunjwa, na kiwanda cha sukari cha Kagera kimeharibiwa. Katika wasifu andika kwamba baba yako alitoka Tanga kuja kuwarudisha makwao watu asiowafahamu. Sisi tunalikumbuka hilo, na halihitaji Lukaya wala Kampala ili liwe kubwa.

Kuhusu rafiki yake, makaburi ya mashujaa wa vita hiyo yako Kaboya, katika wilaya yetu ya Muleba, na wamelazwa pale zaidi ya askari 600. Ikiwa jina lake mnalijua, liulizieni huko, kwa sababu kijitabu cha wajukuu kitakuwa na thamani zaidi kikimtaja na yule ambaye hakupata watoto wa kumwandikia.

Muuza Jumla wa Tanga alijibu:

Binti yangu, mimi nimefanya biashara tangu enzi hizo, na kwa heshima zote siafikiani na ndugu zako. Wangekumbuka jinsi kufungua duka kulivyokuwa nyakati zile, wasingelitaka liandikwe kwa sentensi moja.

Mwaka 1976 Serikali iliagiza maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe ili maduka ya ushirika yachukue nafasi yake. Agizo lile lililegezwa baadaye, lakini wengi walikwisha kuvunjika moyo. Baada ya vita Mwalimu alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18, na hali ngumu ikapita muda huo kwa miaka. Sukari, sabuni na nguo vilipatikana kwa foleni na kwa kibali, tukala ugali wa yanga, yaani wa mahindi ya njano, na mwaka 1983 ilipoanza operesheni ya kuwasaka wahujumu uchumi, wenye maduka walikuwa wakitupa bidhaa porini usiku kwa hofu ya kukutwa nazo. Milango ilianza kufunguka kwa bajeti ya mwaka 1984, na mwaka uliofuata akaingia madarakani Mzee Mwinyi na ruksa yake ya biashara. Ukisema baba yako alifungua duka katikati ya miaka ya themanini, una maana kwamba fundi baiskeli asiye na mtaji aliingia katika kazi ambayo muda mfupi kabla ya hapo ilikuwa ikiwapeleka watu korokoroni. Waeleze wajukuu hayo, kwa sababu hawawezi kuyabuni wenyewe wakiliona duka limejaa bidhaa.

Waeleze pia alivyopata mzigo. Wenye duka wengi wa aina yake walianza kwa mali kauli: ulichukua mifuko ya sukari na madebe ya mafuta kwa neno lako tu, ukauza, ukarudisha fedha siku mliyoahidiana, na ukikosa mara moja jina lako limekwisha. Daftari la madeni ni upande wa pili wa kauli hiyohiyo, kwa kuwa yeye aliaminiwa na wa juu yake, naye akawaamini wa chini yake mpaka mishahara au mavuno. Kwa hiyo litajwe, lakini jina hata moja lisisomwe, wala kiasi, maana kumtaja mdaiwa hadharani msibani ni kumdhalilisha, na baba yako alikaa nalo miaka yote bila kufanya hivyo.

Yapo na ya sheria ya dini. Madeni aliyodaiwa marehemu hulipwa kabla ya kugawa mirathi, na yale aliyowadai watu ni mali ya warithi wote, hivyo wewe peke yako huwezi kutangaza msamaha kwa niaba ya wengine. Kaeni kwanza, mkumbushane Aya ya 280 ya Suratul Baqara, inayoagiza mwenye dhiki apewe muda na kusema kuwa kusamehe ni kheri zaidi. Mkikubaliana, tangazo litolewe na msemaji wa familia baada ya wasifu, wala si ndani yake.

Mama wa Watatu aliuliza:

Pole sana, dada yangu. Nimesoma yote na sijamwona mama yenu. Ni nani aliyekaa kaunta baba alipokwenda kufuata mzigo?

Binti wa Korogwe alijibu:

Wazee wangu na ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati. Mama yupo hai, na ndiye aliyekaa kaunta. Jana usiku nilimsomea majibu yenu, akaniambia kwamba mizani ya kwanza waliinunua kwa fedha za baiskeli pamoja na kuku wake wa kienyeji, jambo ambalo sisi watoto hatukulijua kabisa, nami nimeliingiza.

Lukaya na Kampala nimeziondoa, na baba zangu wadogo wameridhia baada ya kusomewa maneno ya Mpiganaji Mstaafu. Jina la rafiki wa baba mama analikumbuka, na kaka yangu anayefanya kazi Mwanza atakwenda Kaboya kuliulizia. Kuhusu madeni tutakaa na mama Ijumaa baada ya sala, warithi wote wakiwapo.

Kwa Muuza Jumla wa Tanga, naomba jambo moja zaidi, mzee wangu. Katika kurasa za mwanzo za daftari, kando ya majina kadhaa, baba aliandika herufi M na K kwa wino mwekundu. Je, hiyo ilikuwa alama ya mali kauli miongoni mwenu, au ni ya kwake mwenyewe?