Kumpeleka mama Istanbul: Aprili, kiangazi, Oktoba au Januari?

KijanaWaTemeke
Wakuu habari zenu. Naomba ushauri kwa waliowahi kufika Uturuki au wanaoishi huko. Nataka kumpeleka bi mkubwa Istanbul, ameisubiri hii safari miaka, anataka kuiona Hagia Sophia, aswali Süleymaniye, na zaidi ya yote azuru kaburi la sahaba Abu Ayyub al-Ansari pale msikiti wa Eyüp Sultan. Umri umeenda, magoti yanamsumbua, na ni mtu wa Dar kabisa, hiki kipupwe chetu cha Juni tu anashinda na sweta. Nina nafasi nne kichwani: mwisho wa Aprili, Julai/Agosti, Oktoba, au Januari ambapo nasikia hoteli zinashuka sana. Bajeti ni ya kawaida. Mngekuwa nyie mngeenda lini na kwa nini?

DadaMzigo
Mi naenda kufuata nguo Laleli, mtaa wa maduka ya jumla Istanbul, kwa hiyo kiangazi cha pale nakijua. Joto lenyewe kwa mtu wa Dar si la kutisha, nyuzi 28, 29, sisi Februari tunapita hapo. Tatizo ni watu. Meli za watalii zinashusha pale Galataport, Ulaya wako likizo, wa Ghuba wamekimbia jua la kwao, Waturuki wenyewe shule zimefungwa, na wote hao mnakutana Sultanahmet, mtaa wa Hagia Sophia, kwenye foleni ambayo haina kivuli, chini mawe, juu jua. Kijana utavumilia, ila mama mwenye magoti usimfanyie hivyo.

Kama na ununuzi upo kwenye ratiba, ukifika Agosti maduka ya jumla yameshatundika makoti na masweta, nguo nyepesi ndio wanazimalizia kwa bei ya kutupa. Kwetu wafanyabiashara hapo ndio penyewe. Kwa safari ya mama siishauri.

NasomaHuku
Kaka karibu sana. Naona watu wengi wanauliza nyuzi joto tu, lakini kwa mzazi anayeswali msikitini cha kwanza angalia saa za swala. Saa za huku na za nyumbani ni zilezile mwaka mzima tangu 2016 walipoacha kurudisha saa nyuma, kwa hiyo simu yako hata hutaigusa, ila jua ndio haliendi tulivyozoea sisi. Juni mpaka mwanzoni mwa Julai Isha inaingia saa nne na nusu usiku na Alfajiri inaingia saa tisa na nusu, sasa mtu mzima anayetaka kuswali zote mbili jamaa msikitini atalala saa ngapi na mchana atembee saa ngapi? Januari ni kinyume, jua linatoka karibu saa mbili na nusu asubuhi, mnakunywa chai ya asubuhi nje giza, na ikifika kama saa kumi na mbili jioni huko limeshazama au linazama.

Katikati ya Oktoba Maghribi ni kama saa kumi na mbili na nusu, Isha kabla ya saa mbili, Alfajiri inakaribia saa kumi na mbili. Mama hataona tofauti kubwa na kwake. Mi kura yangu ni Oktoba.

BintiMvita
Salaam aleykum nyote. Kwa heshima zote mimi naipigia debe Aprili na sirudi nyuma. Mji wote unapandwa tulipu, lakini nendeni bustani ya Emirgan, ipo mlimani juu ya Bosphorus, ule mlango wa bahari unaoukata mji, wiki ya pili na ya tatu ya mwezi ndio kilele. Nyekundu, njano, nyeupe, na zambarau iliyoiva hadi karibu nyeusi, zimepangwa mistari mistari kama mkeka mpya wa ukili, asubuhi zimefumba na jua likipanda zinafunguka mbele ya macho yako. Mamangu alikaa pale kwenye benchi mpaka Adhuhuri hakutaka kuondoka. Na mkienda mwisho wa mwezi tulipu zinaanza kuanguka lakini miti ya erguvan inachanua, ukipanda feri unaona kingo zote mbili zimekuwa waridi. Hicho kitu hudumu siku chache, Oktoba huipati ng'o.

NasomaHuku
Dada BintiMvita hapo kwenye maua sibishani, erguvan ni kitu cha kuonwa. Ila bahari ya Aprili bado ina baridi ya miezi iliyopita, na ule upepo wa kaskazini mashariki wanaouita poyraz ukivuma juu ya feri unaingia mpaka kwenye mifupa. Mchana 16, 17, usiku inashuka mpaka 8 au 9. Oktoba bahari bado imeshika joto la kiangazi, mchana kama 20 na usiku 13 hivi. Kwa magoti yale mi naona tofauti ni kubwa, na Isha ya mwisho wa Aprili ni saa tatu na zaidi usiku.

BintiMvita
Haya, kwa magoti nakubali. Lakini Oktoba na mvua zaanza, usimfiche.

NasomaHuku
Kweli, mvua ipo, hasa mwezi ukielekea mwisho. Desemba ndio mbaya zaidi. Ya Oktoba mara nyingi inapiga asubuhi inakata, mnaendelea.

OtisWaKikuyu
Jameni mbona Januari hakuna anayeitetea? Mimi nilienda wakati huo na ningeenda tena. Hoteli ya karibu na Sultanahmet ilikuwa bei ya kuridhisha kabisa, kasri la masultani la Topkapı tukaingia bila kusukumana, ile sehemu ya masalia ya Mtume (S.A.W.) ukisimama unasikiliza Kurani inasomwa na hakuna mtu anakuambia songa. Na theluji ikianguka kwa zile kuba za Blue Mosque, aisee. Jioni mnatafuta salep, maziwa mazito ya moto na mdalasini juu, unashikilia kikombe vidole vinapata uhai. Baridi ni 3 hadi 9, mtu wa Limuru haogopi hiyo.

Kitu kimoja tu ndicho kilitusumbua, ule upepo wa kusini magharibi, lodos, ukiamka feri zinasimamishwa, na kama siku hiyo ndio mlipanga kwenda ng'ambo ya Asia mtapitia treni ya chini ya bahari, Marmaray.

MzeeWaUnguja
Wanangu, baridi ya Limuru na mama wa Temeke ni vitu mbalimbali. Barabara za kule zimeinama, zina mawe, zikilowa theluji zateleza. Mtu mzima akianguka ugenini ni msiba. Januari muiache kwa vijana.

Nami nitie neno la Ramadhani kwa kuwa hakuna aliyeigusa. Miaka hii yaangukia Februari. Wanawasha mahya, maandishi ya taa yaliyofungwa baina ya minara, na magharibi watu wanakaa kwenye nyasi za Sultanahmet na futari zao, ukipita wakuita ule. Nimefuturu sehemu nyingi, ile imenikaa moyoni. Lakini ni baridi vilevile, na mama akiwa amefunga kutembea kutwa hawezi. Kwa hiyo nami niko na Oktoba.

KijanaWaTemeke
Asanteni sana wote, mmenifungua macho, hizo saa za swala sikuwa nazo kabisa akilini. Naelekea Oktoba. Sasa wiki ipi? Na nilale wapi ili mama asipande milima?

DadaMzigo
Nenda wiki ya pili au ya tatu. Usiangukie tarehe 29, ni siku yao ya Jamhuri na mapumziko yanaanza mchana wa 28, mji unajaa. Hoteli tafuta kando ya tramu ya T1, Sultanahmet au Beyazıt, na ukiandika kuomba chumba uliza kama kuna lifti maana majengo mengi ya pale ni membamba na ngazi zake zimesimama. Jumanne Topkapı imefungwa, Jumapili Grand Bazaar imefungwa. Samaki kuleni, uvuvi wa nyavu kubwa unafunguliwa Septemba mosi, kwa hiyo Oktoba palamut wapo wengi na bei iko chini.

NasomaHuku
Naongezea ya miguu. Süleymaniye msipandie kutokea Eminönü, kule chini kwenye feri, ule mlima utamuua mama, shukeni metro ya Vezneciler mtembee taratibu, karibu tambarare. Eyüp Sultan chukueni tramu ya T5 hapo Eminönü, inafuata Haliç, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, mpaka karibu na msikiti, na Ijumaa watu ni wengi mno kwa hiyo mpelekeni siku ya katikati ya wiki asubuhi. Hagia Sophia wanaoingia kutalii wanalipa yuro 25 na wanapelekwa ghorofa ya juu, wanaoingia kuswali wanapita mlango wao, chini, bila malipo. Nendeni muda wa swala mwambieni mlinzi mmekuja kuswali, mama atakaa kwenye zulia apumzishe magoti na kuba lote liko juu yake. Mkishapata tarehe niandikie, Alasiri huwa nimetoka darasani, nitakuja niwavushe na feri mpaka Üsküdar, ng'ambo ya Asia.