Naomba ushauri: nafuata sakura Japani, nipande treni ipi? Na jezi yenye maua matatu ni ya nani?

Mtoto_wa_Gerezani:
Wakuu habari. Nafika Osaka tarehe 27 Machi, narudi 5 Aprili. Nataka kuyaona maua ya sakura (ile micheri yao) na kupanda treni ya mwendokasi inayoitwa Sakura hadi Kumamoto. Je, pasi ya JR (shirika la reli la Japani) ya siku 7 inalipa? Pia nimeagizwa jezi ya taifa yenye maua. Begi langu ni sentimita 78 kwa 52 kwa 33.

FundiReli:
Mkuu, kwa safari hiyo pasi ya nchi nzima achana nayo. Oktoba 2023 ilipandishwa hadi yeni 50,000, wakati Shin-Osaka–Kumamoto ni kama 19,000 kwenda, hivyo kwenda na kurudi ni 38,000 hivi. Tazama pasi za kanda za JR West na JR Kyushu, ila soma ramani yake kwanza, maana nyingine zinaishia Hakata, kabla ya Kumamoto.

Sakura inatoka Shin-Osaka hadi Kagoshima-Chuo, na huduma hiyo ilianza Machi 2011 reli ya Kyushu ilipokamilika. Jina lenyewe ni kongwe: mwaka 1929 treni za kwanza nchini humo kupewa majina zilikuwa Fuji na Sakura. Hadi Kumamoto ni mwendo wa saa 3 na ushee.

Wageni hukwama kwenye mambo mawili. La kwanza, mwendokasi hausimami stesheni ya Osaka. Ni Shin-Osaka, nyingine kabisa. La pili, ukitaka kushuka mjini Fukuoka usitafute stesheni ya mwendokasi yenye jina hilo. Inaitwa Hakata.

Behewa 1 hadi 3 ni siti huru, anayewahi ndiye anayekaa, na zimepangwa tatu upande mmoja na mbili upande wa pili. Kuanzia behewa la 4 ni siti zenye namba, mbili kwa mbili, pana zaidi. Lipia hizo. Nyongeza ni ndogo na mgongo utakushukuru.

Begi: 78+52+33 ni 163. Mwisho bila masharti ni 160. Umezidi 3, kwa hiyo unapokata tiketi chagua siti ya mstari wa nyuma yenye nafasi ya mzigo mkubwa. Haiongezi bei. Ukiingia nalo bila kukata nafasi hiyo, unatozwa yeni 1,000.

Mama_Bustani:
Habari ya maua sasa. Miti mingi ya mijini ni aina ya Somei Yoshino, na yote imepandikizwa kwa vikonyo kutoka ukoo mmoja. Ni mti uleule uliorudufiwa, ndiyo maana bustani nzima inachanua kwa pamoja na kupukutika kwa pamoja. Mpimaji hutazama mti mmoja wa kielelezo: yakifunguka maua 5 au 6, anatangaza msimu umeanza. Vikifunguka asilimia 80 ya vitumba, ndiyo kilele. Kati ya hapo na hapo ni kama wiki. Baridi ikirudi maua hudumu. Mvua yenye upepo huyamaliza kwa usiku mmoja.

Tarehe zako ni nzuri kwa Osaka na Kumamoto. Ila anza na Kumamoto, kusini kunatangulia, halafu urudi Osaka. Ukikuta kumeshapukutika, nenda mlima Yoshino, Nara: huko maua huanza bondeni na kupanda kuelekea kileleni, hivyo ngazi moja ikiisha nyingine inafunguka. Treni ya huko ni ya kampuni nyingine, Kintetsu, kutoka stesheni ya Osaka-Abenobashi. Pasi ya JR haifanyi kazi.

Tafadhali, usivute tawi ili upige picha. Jeraha la mcheri huoza upesi. Wajapani wana msemo kuwa anayekata sakura ni mpumbavu, na asiyekata ume (mplamu wa Kijapani) naye ni mpumbavu. Wala usitandike mkeka juu ya mizizi. Iko juujuu, na udongo ukishindiliwa inakosa hewa.

Winga_Namba11:
Jezi: ya mistari myekundu na myeupe yenye sakura tatu kifuani ni ya timu ya taifa ya raga, wale waliowafunga Afrika Kusini 34–32 kule Brighton mwaka 2015. Zamani maua hayo yalikuwa moja kitumba, moja nusu, moja limefunguka. Sasa yote yamefunguka. Usichanganye na ua la petali 16 kwenye pasipoti yao, hilo ni krisanthemu, alama ya kifalme. Chukua saizi moja juu ya unayovaa, za kwao ni ndogo.

Kama mwagizaji ni mtu wa soka, mnunulie ya waridi ya Cerezo Osaka. Cerezo ni mcheri kwa Kihispania. Uwanja wao uko Nagai: kutoka Shin-Osaka panda metro ya Midosuji inayoishia Nakamozu. Zinazoishia Tennoji zitakuacha njiani.