Muhula mmoja Uppsala kusoma amani na migogoro: kuna aliyepitia?

Mwana_Kilosa

Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa tatu, sayansi ya siasa, hapa Dodoma. Nimependekezwa kwenda Uppsala, Uswidi, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, kwenye idara ya utafiti wa amani na migogoro. Ni kuanzia mwisho wa Agosti hadi katikati ya Januari. Ada silipi, posho ipo.

Kinachonikwamisha ni nyumbani. Baba mdogo, aliyenisomesha tangu kidato cha kwanza, kaniuliza: "Unakwenda kujifunza amani kwa watu ambao hawajapigana vita tangu 1814?" Nikakosa jibu. Desemba 2000, pale kwetu Kilosa, kijiji cha Rudewa Mbuyuni, waliuawa watu 38 katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Baba mdogo alishika jembe akachimba makaburi, kwa hiyo hakuwa ananikejeli. Mliosoma huko, naomba mniambie nikamjibu nini.

Binti_Molo

Ndugu yangu, msalimie sana baba mdogo. Nilikaa Uppsala muhula huohuo wa Agosti hadi Januari, nikitokea chuo cha Nairobi, na swali lake nililibeba hadi huko.

Mimi ni wa Molo, Bonde la Ufa, Kenya. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, nilikuwa na miaka saba. Tulitoka usiku, mama akiwa amebeba sufuria ya githeri (mahindi na maharage) aliyoifunga kwa leso, bado ina moto, ikamchoma mkono. Githeri hiyo tuliila siku mbili kwenye uwanja wa maonyesho wa Nakuru, kati ya maelfu ya watu. Ile alama mkononi anayo mpaka leo.

Sasa, wiki ya pili ya masomo mwalimu akatuambia tufungue hifadhidata ya idara yao, kila mtu achague nchi na mwaka. Utaizoea sana hiyo hifadhidata. Mgogoro hauingii humo mpaka uwe umeua watu wasiopungua 25 ndani ya mwaka mmoja. Kuna mafungu matatu: dola ikiwa upande mmojawapo, makundi yasiyo ya dola yakipigana yenyewe kwa yenyewe, na raia wasio na silaha kushambuliwa. Nikachagua Kenya, 2008. Nikakaa nikiangalia tarehe, mahali, idadi ya waliokufa. Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi, nikalia.

Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zile, ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Waliong'olewa makwao walipita laki tatu, na mama yangu ni mmoja wao. Yeye huwezi kumkuta kwenye zile safu, kwa sababu hakufa. Nilipomwambia mwalimu (huko wanaitwa kwa jina la kwanza, itakuchukua muda) hakujitetea. Aliniambia hilo ndilo niandikie insha ya mwisho. Niliandika kurasa kumi na mbili juu ya kile ambacho kizingiti cha 25 hakikioni, na ndiyo kazi ninayoionea fahari kuliko zote nilizofanya chuoni.

Kwa hiyo mwambie mzee hivi: darasani hutasoma amani ya Waswidi. Mezani kwangu tulikuwa na dada wa Kolombia, ambaye wananchi wake walipiga kura Oktoba 2016 wakaukataa mkataba wa amani kati ya serikali na waasi wa FARC, na kijana wa Sarajevo anayeishi chini ya makubaliano ya Dayton ya 1995, yaliyomaliza vita vya Bosnia. Nilikuwa nikiamini mambo ya Molo ni ya Molo tu. Usiku mmoja yule dada akaeleza jinsi ardhi ya babu yake ilivyochukuliwa, nikajikuta namalizia sentensi zake.

Kuhusu masomo yenyewe: unasoma kozi moja baada ya nyingine, si tano kwa pamoja. Vipindi ni vichache, kusoma ni kwingi mno. Usidanganyike na ratiba nyeupe.

Mkongo_wa_Kaskazini

Dada kasema vizuri. Mimi natoka Bukavu, niko huku miaka sita sasa.

Kitu kimoja tu, mdogo wangu: wenzako watataka uwe shahidi. Kila ikitajwa Afrika, macho yote kwako. Mwaka wa kwanza nilikuwa nasimulia ya kwetu kila nilipoulizwa, nikirudi chumbani silali. Una haki ya kusema leo sitaongea.

Nenda pia makaburi ya zamani ya mji, ukaone kaburi la Dag Hammarskjöld, Mswidi aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Alikulia kwenye ngome ya Uppsala, akafa Septemba 1961 ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, katika Zambia ya leo, akienda kuzungumza na Tshombe, kiongozi wa Katanga, jimbo lililojitenga na Kongo. Ni jiwe la kawaida kabisa kati ya ndugu zake. Nilisimama pale nikafikiri: huyu wa mji usio na vita, vita vyetu ndivyo alivyokuwa anavifuata.

Na pesa: weka akiba ya miezi miwili. Posho yangu ilichelewa wiki tano, nikaishi kwa wali na mayai. Kibali cha ukaazi anza kukiomba siku ileile barua ya udahili inapofika. Desemba jua linazama kabla ya saa tisa alasiri, usilichukulie jambo hilo kirahisi.

Mwana_Kilosa

Asanteni sana. Dada, nimemsomea baba mdogo maneno yako kwenye simu, hadi pale pa sufuria. Akaniuliza kama hao watu wanaweka na majina. Nikamwambia sidhani, wanaweka idadi, tarehe na mahali. Akanyamaza, halafu akasema basi niende na majina yeye atanipa.

Jumamosi nateremka Kilosa na daftari. Fomu nitaijaza nikirudi, mwisho ni tarehe 15.

Binti_Molo

Andika na umri wao, na kila mmoja alikuwa analima nini. Ukifika Uppsala na hilo daftari, nitafute.