Tupeane uzoefu: siku koo lilipogoma kumeza

Upepo wa Jioni
Wakuu, habari za usiku. Jana nilipaliwa na maji ya kumezea kidonge. Funda moja tu. Nilikohoa hadi machozi, kisha yakaisha. Lakini usingizi haukuja tena, maana nilimkumbuka marehemu mama. Miezi yake ya mwisho kila mlo ulikuwa hivyo hivyo, na sisi tukisema ni uzee tu. Mliougua wenyewe au kuuguza mtu asiyemeza vizuri, tupeane uzoefu. Mlijuaje? Kilisaidia nini?

Mama Pacha
"Uzee tu." Na sisi tulisema maneno hayo hayo.

Fundi Saa
Mimi niliugua mwenyewe, miaka mitatu. Chakula kinashuka mpaka katikati ya kifua, kinasimama. Nikinywa maji nayo yanasimama juu yake. Niliambiwa ni vidonda vya tumbo, nikapewa dawa za asidi. Zikashindwa, nikaambiwa ni msongo wa mawazo. Nilikuwa nalala nimeketi, kwa sababu nikilala chali chakula cha jioni kinarudi na naamka mto umelowa.

Mwishowe walinipitishia mpira mwembamba puani wa kupima presha ya umio, yaani mrija wa chakula, ndipo jina likapatikana: akalasia. Msuli wa pale umio unapoingia tumboni haulegei. Waliukata kwa kupitia mdomoni, bila kunipasua tumbo, kwa njia aliyoianzisha daktari Inoue wa Japani mwaka 2008. Siku niliyoruhusiwa kunywa nilisikia maji yakishuka moja kwa moja. Nikamwomba nesi glasi nyingine ili nisikie tena.

Kama maji na chakula vyote vinakukwama tangu mwanzo, dai kipimo cha presha.

Nahodha
Hongera mkuu. Sasa unakula kila kitu?

Fundi Saa
Kila kitu. Ila kiungulia kimekuja, maana mlango uliokatwa haufungi sawasawa. Natumia dawa za asidi kila siku na sijuti.

Binti Mdogo
Naomba niandike, nisipoandika leo sitaandika tena.

Baba alipata kiharusi. Siku ya tatu alikuwa anaongea, anacheka na upande mmoja wa uso. Mimi ndiye niliyekuwa namlisha. Namwekea kijiko cha maji, anafumba mdomo, naona kikoromeo kinapanda na kushuka. Hakohoi hata kidogo. Nesi wa zamu akaniuliza, "Anapaliwa?" Nikajibu hapana, tena kwa fahari. Kitu kimoja tu: akishakunywa, sauti yake inakuwa ya majimaji, kama mtu anayesukutua huku anaongea. Nikafikiri ni makohozi. Halafu joto likaanza kupanda jioni. Wiki ya pili, nimonia. Ikatibiwa, nikarudi na kijiko changu.

Nimonia ya pili ndipo daktari mmoja alipomwita mtaalamu wa kumeza. Wakampeleka baba kwenye eksirei ya video. Maji yanachanganywa na bariamu, yanaonekana meusi kwenye skrini, unayaona yanavyosafiri. Niliruhusiwa kusimama nyuma ya kioo. Wakampa kijiko kimoja. Ule weusi ukateleza nyuma ya ulimi kabla koo halijaamka, ukatuama pale, kisha mstari mwembamba kama uzi ukashuka kwa upande wa mbele, ukapita nyuzi za sauti, ukaingia njia ya hewa. Nikasubiri akohoe. Baba katulia tuli. Akanitazama kupitia kioo, akaninyanyulia dole gumba.

Nilihesabu siku nilizomlisha kwa mkono wangu kabla ya siku ile: 19. Mara tatu kwa siku.

Upepo wa Jioni
Dah. Pole sana dada. Nimesoma nimesimama.

Mama Pacha
Mwanangu, hukumdhuru baba yako. Ulimlisha kwa upendo na hakuna aliyekwambia cha kutazama.

Fundi Saa
Mzee yuko wapi sasa? Tuambie tafadhali.

Kalamu Nyeusi
Binti Mdogo, mimi ni mtaalamu wa kumeza na usemi. Uliyoyaona tunayaita kupaliwa kimya. Hisia za koo zimekufa ganzi, kitu kinaingia njia ya hewa na kikohozi hakiamki. Ndiyo maana swali la "anakohoa?" peke yake halitoshi. Sauti ya majimaji uliyoisikia ilikuwa dalili halisi, masikio yako yalifanya kazi.

Ile video wataalamu wengi tumeirithi kutoka kwa Jeri Logemann wa Marekani, ambaye miaka ya 1980 aliifanya iwe kipimo cha kawaida: unapitisha vijiko vidogo, unatazama wapi panavuja, kisha hapo hapo unajaribu mkao mwingine uone kama panaziba. Kuna kipimo kingine, kamera nyembamba ya puani, alichokieleza Susan Langmore mwaka 1988. Hicho kinafanyika hata kitandani na hakina mionzi. Mkikosa kimoja ulizeni kingine.

Nahodha
Kwa kifupi, maji mepesi ni adui. Mke wangu baada ya kiharusi tulimwekea unga wa kufanya maji yawe mazito na hakupata nimonia hata mara moja. Wekeni unga, mambo yamekwisha.

Mama Pacha
Hayajakwisha. Mama yangu aliyakataa hayo maji mazito. Alikuwa anakaza midomo, anageuza uso ukutani. Midomo ilimpasuka, mkojo ukawa rangi ya chai, akalazwa kwa kukaukiwa maji. Alikuwa ananiomba "maji" na mimi ninampa kitu kama gundi. Usiniambie mambo yamekwisha.

Nahodha
Kila mgonjwa ana lake. Usitishe watu.

Mama Pacha
Na wewe usiwahakikishie.

Kalamu Nyeusi
Wote wawili mna hoja. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2008. Wagonjwa 515 wenye Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, au ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, wote video ilionyesha wanapaliwa na maji mepesi. Wengine waliambiwa wainamishe kidevu kifuani wanywe maji ya kawaida, wengine wakapewa maji mazito ya viwango viwili. Kwa miezi 3, 52 walipata nimonia, na hapakuonekana tofauti ya uhakika kati ya makundi. Kwenye video yenyewe maji mazito sana ndiyo yaliyozuia zaidi kupaliwa, lakini kifuani ushindi ule haukuonekana, na kukaukiwa maji kulikuwa zaidi kwa waliopewa mazito.

Nahodha
Hao ni Parkinson na kupoteza kumbukumbu. Mke wangu ni kiharusi.

Kalamu Nyeusi
Kweli kabisa, na nakubali. Ndiyo maana nasema mgonjwa apimwe, asipewe unga kwa mazoea.

Tumaini Jipya
Mimi baba mkwe namwinua kichwa nyuma, chakula kinateleza chenyewe.

Nahodha
Acha mara moja! Unamfungulia njia ya hewa.

Kisiki
Mimi nilikatwa sehemu ya ulimi kwa saratani na nilifundishwa kuinua kichwa nyuma. Bila hivyo chakula hakifiki kooni.

Kalamu Nyeusi
Kisiki, kwako sawa, kwa sababu koo lako ni zima na kilichopungua ni ulimi wa kusukuma. Tumaini Jipya, wewe acha mpaka mzee apimwe.

Kisiki
Nyie mnaouguza, mswaki. Mdomo ukiwa mchafu, hata mate akiyavuta usingizini yanaingia na vijidudu.

Kalamu Nyeusi
Hili nalitilia mkazo. Japani walifuatilia wazee katika nyumba 11 za kutunzia wazee kwa miaka 2, matokeo yakatoka mwaka 1999: waliosafishwa kinywa kila baada ya mlo walipata nimonia kidogo kuliko wenzao. Mswaki tu, jamani.

Tumaini Jipya
Na mazoezi yapo?

Kalamu Nyeusi
Yapo. Kuna moja linaitwa la Shaker: lala chali, inua kichwa utazame vidole vya miguu, mabega yabaki chini. Shikilia dakika 1, mara 3, kisha inua na kushusha mara 30. Mara 3 kwa siku, wiki 6. Linasaidia mlango wa juu wa umio ufunguke. Mwenye tatizo la shingo asiliguse.

Binti Mdogo
Nimesoma yote. Mnaniuliza baba yuko wapi. Yuko chumba cha pili, amelala. Alikaa na mpira wa kulishia wa puani wiki tano, mara mbili akauchomoa mwenyewe. Video ya pili ilionyesha koo linaamka mapema kidogo. Sasa anakula vilivyopondwa na anakunywa mazito kiasi. Asubuhi, nikishamswaki, mtaalamu ameruhusu vijiko vinne vya maji ya kawaida, kidevu chini. Kila kijiko namwambia aseme "aaa". Sauti ikiwa kavu tunaendelea.

Kalamu Nyeusi, swali moja. Uzito wa maji nimekuwa nikiukadiria kwa macho. Nitajuaje?

Kalamu Nyeusi
Chukua bomba la sindano la mililita 10, bila sindano. Ziba chini kwa kidole, jaza hadi 10, achia kwa sekunde 10, ziba tena. Yakibaki kati ya 4 na 8, ni mazito kiasi. Chini ya 4, ni mepesi mno kwa baba. Pima kwanza urefu kwa rula: kutoka mstari wa sifuri hadi wa 10 uwe milimita 61.5, mabomba hayafanani.

Binti Mdogo
Nimelipima. Ni 61 na kidogo. Asubuhi naanza nalo.