Shelisheli au Andros kwa bonfishi? Arbuni inatakiwa Ijumaa

Mtepe_Mpya: Wakuu, salaam. Nataka kwenda kuvua bonfishi, yule samaki wa rangi ya fedha wa maji mafupi mwenye mbio, kwa nzi bandia (chambo cha manyoya). Nimebakiwa na sehemu mbili: Alphonse kule Shelisheli, au Andros, Bahamas. Wote wanataka arbuni. Halafu fimbo: namba 8 au 9 (namba ikipanda, fimbo inakuwa nzito zaidi)?

Kaskazi: Mkuu, unaishi wapi? Unaenda mwezi gani? Bajeti? Upepo ukiwa usoni unarusha mshipi mita ngapi? Hujasema hata kimoja.

BintiKizingo: Andros, wala usihangaike. Kutoka Nassau ni kama robo saa kwa ndege. Mwongozaji anasimama nyuma ya boti anasukuma kwa pondo, kimya, wewe uko mbele na mshipi tayari. Bonfishi wa kilo nne kule si hadithi. Hata ile nzi ya Crazy Charlie imepewa jina la mwongozaji wa Andros, Charlie Smith.

FundiRili: Mbona unamnyima raha mwenzio? Aende Shelisheli. Bonfishi ni wadogo kidogo, sawa, lakini ni wengi. Unavuka kwa boti hadi atoli ya St François, unashuka, unatembea mchangani maji yakiwa magotini. Na fungu hilohilo kolekole mkubwa anaweza kukupita, ndiyo maana watu hubeba na namba 12. Kwa bonfishi namba 8 inatosha: mshipi unaoelea, uzi wa akiba nyuma yake kwenye rili kama mita 180, nailoni ya mbele futi 10 hadi 12.

Mtepe_Mpya: Nipo Dubai. Mwezi wa 12. Bajeti ipo.

Kaskazi: "Bajeti ipo" ndiyo nini? Haya. Dubai hadi Mahé ni ndege moja, kisha kama saa moja kwa ndege ndogo hadi Alphonse. Bahamas utazunguka nusu ya dunia. Ila Desemba ina mambo yake kotekote. Alphonse wanavua Oktoba hadi Mei, kusi likikaza wanafunga. Desemba kaskazi inaleta mvua na mawingu, na huyu samaki usipomwona huna cha kumrushia. Andros nako baridi hushuka kutoka Marekani, maji yakipoa bonfishi wanakimbilia kina. Swali ni hili: siku zako zinaangukia bamvua au maji mafu?

MzeeWaMida: Mimi nitasema la vifaa. Kuna kambi moja, jina naliacha, waliniandikia "usibebe kitu, kila kitu kipo". Asubuhi nakabidhiwa rili, breki imeganda kwa chumvi nyeupe, ukiizungusha inakwaruza. Namuuliza kijana, hii imeoshwa kwa maji ya bomba lini? Anacheka: "Itafunguka tu mzee." Tukaingia majini. Jua linapanda, hakuna kitu. Mara naona mikia inachomoza, kundi zima limeinamisha vichwa linachimbua kaa mchangani. Nikaitua nzi mbele yao, nikaivuta kidogo, mmoja akafuata, akameza, akatoka mbio. Rili ikatoa uzi huku inalia krr krr, halafu ikakwama. Nailoni pwaa! Jioni kwenye bili naona wameandika "nzi mmoja aliyepotea", na bei yake. Viatu vyao ndiyo usiseme, soli ilibanduka katikati ya matumbawe, nikarudi nimeifunga kwa kipande cha mshipi.

FundiRili: Pole mzee. Ndiyo maana rili nabeba yangu, breki yake isiyopitisha maji.

BintiKizingo: Na samaki akimeza asiinue fimbo kama wavuvi wa mtoni! Avute mshipi kwa mkono wa kushoto.

FundiRili: Kama anarusha kwa kulia. Mashoto je?

BintiKizingo: Umeanza.

JuaLaPemba: Samahani, huyo samaki analiwa? Naona mnatumia mamilioni halafu mnamrudisha baharini.

BintiKizingo: Ana miiba midogo tele. Belize sheria inataka arudishwe tangu 2009, na Florida nako siku hizi ni lazima arudishwe.

JuaLaPemba: Miiba? Kwetu angechemshwa, akachambuliwa, jioni ni katlesi.

Kaskazi: Kuna visiwa vingi tu wanamla, hujakosea. Ila bonfishi mmoja aliye hai, wageni wangapi watalipa kumfukuza?

JuaLaPemba: Hizo hela anapata mwenye hoteli, mkuu. Mwenye ngalawa anapata nini?

MzeeWaMida: Hilo nalo neno. Ila ukimrudisha usimshike kwa mikono mikavu, ule utando unatoka, na papa wadogo wako karibu wanasubiri aliyechoka.

Mtepe_Mpya: Tukirudi kwenye fimbo, nimenunua namba 9, dukani ilikuwa na punguzo.

FundiRili: Sasa ulituuliza ya nini?

Kaskazi: 9 kwenye upepo si mbaya. Bamvua au maji mafu, hujajibu.

JuaLaPemba: Na Mafia je, mbona hamuitaji?

Kaskazi: Mafia ni hifadhi ya bahari tangu 1995, aanze na vibali.

MzeeWaMida: Mtepe, viatu umepata? Angalia soli, zilizoshonwa, si za gundi.