MREJESHO: Vitabu na wenzangu wa kufikiri hapa Lubumbashi

Bakubwa, aksanti. Niliuliza kijana wa hapa aanzie wapi kutafuta vitabu vya kumbadilisha fikra, na wenzake wa kubishana nao juu ya vitabu hivyo. Majibu yenu nimeyapima. Yanayosimama ni haya.

Msianze na kitabu kizito. V. Y. Mudimbe, mwanafalsafa mzaliwa wa Likasi (1941), aliandika The Invention of Africa (1988) kuhusu jinsi Afrika ilivyobuniwa na maarifa ya wageni, lakini ukikivamia bila maandalizi utakiacha ukurasa wa 20. Anzeni na historia ya mji wetu iliyoandikwa 1965 na André Yav kwa Kiswahili chetu chenyewe, kwa jicho la maboi waliowafanyia Wazungu kazi. Ni fupi, ipo bure kwenye intaneti, na bibi nyumbani anaweza kuwafafanulia maneno. Hapo ndipo mjadala unawaka.

Kundi la kusoma liwe la watu watano au sita, basi. Wakifika kumi, wawili wanasema, waliobaki wanatazama simu. Kila kikao sura moja, kurasa 15 hadi 20, fotokopi moja kwa watu wawili. Kila mtu aje na sentensi moja anayoipinga, pamoja na namba ya ukurasa. Bila namba, mtu hubishia kitabu alichokiota. Kutaneni siku ya posho (Jumamosi) saa nane mchana: umeme ukatike usikatike, mwanga upo.

Kundi la WhatsApp ni la kutangaza saa tu, la sivyo litageuka la mpira, la timu yetu ya Mazembe.

Na vitabu vya mtumba, fungua kurasa za mwisho kabla ya kulipa. Ndizo hunyofoka kwanza.