Tanga: Nimelipa miezi miwili kujifunza bachata, nimeambulia bega bovu. Muunganiko si kubanana!

Wakuu, habari za jioni. Mnaostahili shikamoo, shikamooni. Jambo hili nimekaa nalo wiki mbili nikidhani litapoa. Halijapoa, leo nalimwaga hapa.

Mie ni fundi cherehani, Ngamiani. Kutwa nimeinama, ndiyo maana shoga yangu aliponiambia kuna darasa la bachata, lile dansi la wawili wawili, Jumanne na Alhamisi usiku nikaona afadhali nikanyooshe mgongo. Shilingi 40,000 kwa mwezi, nimelipa miezi miwili, hesabu mnaijua. Ukumbi siutaji, mwalimu simtaji, na mkinifuata faragha pia sitaji, kwa hiyo msijisumbue.

Nilichovuna ni bega la kulia lisiloinuka. Jora la kitambaa likiwa rafu ya juu namwita mtoto wa jirani anishushie.

Wanaume wa darasa lile wamefundishwa mizunguko kumi na kitu ya kurekodia video, lakini hakuna hata mmoja aliyefundishwa kushika mkono wa mtu. Wanaukamata kama mpini wa ndoo, kidole gumba kimekandamiza juu, halafu wakitaka ugeuke wanauvuta. Nimesema kuvuta kwa heshima tu, ni kunyofoa. Kuna mmoja alinizungusha mara mbili mfululizo hali mie bado nimesimamia mguu ninaotakiwa kuunyanyua. Sasa nitazunguka na nini jamani, na kiti?

Nikamwambia mwalimu. Akanijibu, "Dada, tatizo huna muunganiko na mwenzio. Msogelee, mtazame machoni." Yaani ninayenyofolewa bega ndiye mkosaji, na dawa yangu ni kubanwa zaidi! Nikasukumwa mgongoni mpaka nikajua mwenzangu kala nini kabla ya kuja. Pweza.

Nilipokataa nikaambiwa bachata ndivyo ilivyo, asili yake Hispania, ni mchezo wa kubanana, mwenye aibu akae nyumbani. Hapo ndipo damu ilipopanda. Bachata imezaliwa Jamhuri ya Dominika. Mwimbaji wa huko, José Manuel Calderón, alirekodi nyimbo za mwanzo mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya dikteta Trujillo kuuawa, na kwa miaka mingi matajiri wa kwao waliudharau kuwa ni muziki wa makabwela na walevi. Leo upo kwenye orodha ya urithi ya UNESCO, tangu 2019. Huo mtindo wa kubembea vifua umekuja baadaye sana, ndio uliokulia Hispania, kule Cádiz, kwa wacheza dansi akina Korke na Judith. Na hata huo una ufundi wake: kifua cha anayeongoza ndicho kinachoanza, mwenzake anapokea, na akitaka nafasi anapewa. Haukubuniwa ili mtu apate pa kujiegemeza.

Sasa sikilizeni kilichonifumbua macho. Nina mjomba wangu, ana miaka 74, goti moja bovu. Ujana wake ni wa dansi la Tanga hii hii, enzi za bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, rumba na chacha za wawili wawili. (Kwa hiyo wale wa "mwanamke wa Tanga na dansi wapi na wapi" wakawaulize bibi zao kwanza.) Nikamkuta barazani, nikamsimulia huku nalia. Akasema, "Hebu weka huo wimbo wenu." Nikaweka kwenye simu. Akasikiliza mpaka ukaisha, kimya, kidole kinagonga kwenye fimbo. Ukaanza wa pili, akainuka.

Wakuu, yule mzee hajui bachata. Nilimwonyesha tu kwamba ni hatua tatu upande huu, ya nne unagusa chini bila kukanyaga, kisha tatu kurudi, ya nane unagusa. Basi. Akaweka kiganja chini ya bega langu mgongoni, hakukibonyeza, na ule mkono mwingine vidole vyake vimening'iniza vyangu kama ndoano. Nafasi kati yetu ingepita sinia la ubwabwa. Na kila alipotaka kwenda nilijua kabla hajaenda! Uzito wake ulihama kwanza, ndipo mguu ukafuata, ndipo mkono ukaja mwisho kabisa.

Kumbe ndilo lililokuwa likinichanganya darasani. Ile ya nne ukiikanyaga kwa uzito wote badala ya kugusa, mguu wako haupo huru tena, na mie ninayekusoma nadhani tunakwenda kushoto kumbe wewe unataka kulia. Tunagongana magoti, halafu unaniambia nikutazame machoni. Macho yana hatua?

Na mikono, hili nalijua kwa cherehani. Uzi wa juu ukiukaza sana unakatika, ukiulegeza sana unatoa vitanzi chini ya kitambaa. Unatafuta ule mkazo wa katikati, na kila kitambaa kina wake. Mkono wa kuchezea ndio huo huo. Ukigandisha, unanivunja. Ukilegeza kama mlenda, habari ya mwili wako hainifikii.

Nisiwe muongo, na mie nina makosa yangu. Nilikuwa najigeuza mwenyewe kabla sijaongozwa kwa kuwa mzunguko ule nimeukariri, na nikichoka naning'inia kwenye mkono wa mwenzangu. Mjomba alinisema kwa hilo, tena vikali. Lakini mwalimu ninayemlipa hajaniambia hata siku moja. Yeye kazi yake kupiga kelele za "moja mbili tatu" juu ya wimbo mzima, hata zile ngoma ndogo za bongo hazisikiki, sasa wawili tutakutana wapi kama muziki wenyewe hatuusikii?

Mods msiufute uzi huu, sijamtukana mtu. Walioko Tanga wanaojua darasa linaloanza na kuhamisha uzito na kushikana kabla ya mizunguko, wanielekeze, hata kama ni uani kwa mtu.

Alhamisi nakwenda kudai hela ya wiki mbili zilizobaki, risiti ninayo. Mjomba naye anataka kuja, anasema atakaa tu kwenye kiti atazame. Lakini asubuhi kaniletea suruali yake ya kitambaa cheusi, anataka niipunguze kiuno iwe tayari Jumatano.